Mwami Msiri, mugeni wa Bunkeya



Niliahidi kuandika habari ya Msiri, na ahadi ile ilitokana na ugomvi. Tulikuwa katika mkutano upande wa Pweto, watu wamekaa chini ya mwembe, na shauri lilikuwa lile lile la mashamba. Baba mmoja aliyerudi toka Zambia, toka kambi ya Mantapala, alikuta shamba lake linalimwa na mtu mwingine. Yule mwingine, badala ya kueleza alilipata namna gani, akamwita mugeni. Mugeni! Mtu aliyezaliwa pale pale, ambaye kitovu chake kilizikwa pale. Watu walicheka kwanza, kiisha wakakasirika. Ndipo mzee mmoja akasimama na kuuliza: kama ugeni unatosha kumnyima mtu udongo, sasa Msiri alikuwa nani?

Hapo mkutano ukagawanyika. Wamoja walisema Msiri ni mfalme wetu, alikufa kwa sababu alikataa bendera ya bazungu. Wengine walisema alikuwa mnyang'anyi wa inchi ya watu na muuzaji wa watumwa, afazali tusimtaje kabisa. Tulimaliza siku pasipo kusikilizana, na shauri la shamba likabaki palepale.

Nimejaribu basi kukusanya yale ninayoyajua, mengine toka masomo yangu ya iniversite hapa Lubumbashi, mengine toka wazee wa Bunkeya, kwa sababu kazi imenifikisha kule mara mbili. Na mimi mwenyewe neno mugeni ninalijua. Nilikuwa mtoto tulipovuka kwenda Zambia, nikishika mkono wa shangazi, na miaka ya kambi ya Kala watoto wa vijiji vya jirani walituita vile kila siku kwenye kisima.

Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu na mwaka 1830 kwa Wasumbwa, watu wa jamii ya Wanyamwezi, upande wa Tabora, inchi tunayoiita leo Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Katika inchi ile, wakati ule, kijana ambaye hajabeba muzigo mpaka mbali hakuhesabiwa bado kuwa mwanaume. Walibeba pembe za tembo, chumvi, nguo, majembe, na walibeba shaba. Shaba ile haikutoka kwao. Ilitoka kwetu.

Kalasa na wenzake walipita ziwa Tanganyika, walifika kwa Mwata Kazembe kwenye Luapula, kiisha waliendelea mpaka kwa Balamba na Basanga. Ninyi mliokaa Kala, upande wa Kawambwa, mnajua Mwansabombwe, pale Kazembe anapokaa hata leo. Ni njia ile ile. Kazembe alikuwa mkubwa sana wakati ule. Shaba na chumvi ya Katanga ilienda kwake kama kodi, na mfanyabiashara toka mashariki hakuweza kuingia huku pasipo kumsalimia na kumpa zawadi.

Ni lazima niseme jambo moja mbele ya kuendelea, kwa sababu vijana wetu wanachanganya. Msiri hakuleta kazi ya shaba Katanga. Karne nyingi mbele yake, watu wa huku walichimba jiwe lile la kijani, waliliyeyusha katika tanuru ndogo za udongo wa kichuguu kwa makaa na mivukuto, na walimwanga shaba ndani ya umbo la musalaba. Misalaba ile, handa, ndiyo iliyokuwa mali ya kuolea, ya kulipia deni, ya kuzikia wakubwa. Wafundi walikuwa wenyeji. Kijana Ngelengwa alipofika nyuma ya baba yake, katika miaka ya 1850, alikuta meza imetengenezwa.

Alikuta pia wenyewe. Kulikuwa chefu mmoja wa Balamba, mwenye migodi, jina lake Katanga. Province yetu yote, na kila mara tunaposema Haut-Katanga mu biro ya serkali, tunataja jina la mzee yule. Kulikuwa chefu mwingine wa Basanga, jina lake Pande. Wote wawili walimpokea huyu Msumbwa na watu wake wachache. Walimpa nafasi ya kujenga, walimpa wanawake wa kuoa. Kwa nini? Wazee wa Bayeke wanatoa sababu mbili, na zote mbili ninaona ni za kusadikika.

Ya kwanza ni ndui. Ugonjwa ulikuwa unamaliza vijiji, na wageni hawa walijua kuchanja: walichukua kidogo ya maji ya kipele cha mgonjwa, wakaingiza katika mkato mdogo juu ya mkono wa mtu mzima, akaugua kidogo, akapona, na ndui haikumkamata tena. Ilikuwa hatari, wengine walikufa kwa kuchanjwa, lakini waliopona walikuwa wengi zaidi. Fikiri mama aliyezika watoto wawili anaona wa tatu anapona kwa mkono wa mugeni. Nani angemwambia tena kwamba yule arudi kwao?

Ya pili ni bunduki. Hazikuwa nyingi, na zilikuwa za kujaza baruti kwa mdomo, lakini Baluba waliokuja kuteka vijiji hawakuwa nazo. Ngelengwa na watu wake waliwarudisha. Pande, ambaye alikuwa amezeeka na watoto wake hawasikilizani, alimpa huyu mkwe omande, lile gamba jeupe la konokono wa bahari ambalo kwa Basanga ni alama ya uchefu. Ndivyo wanavyosimulia Bayeke. Ukienda kwa Basanga utasikia habari ya namna nyingine: kwamba mugeni alipewa pa kulala na akachukua nyumba yote. Mimi nimeshiriki bukari kwa wote wawili na sitawaamulia. Ninajua tu kwamba mwanzo wake haukuwa vita. Alipokelewa.

Watu wake walianza kuitwa Bayeke, jina ambalo kwao lilikuwa la wawindaji wa tembo. Ufalme wenyewe uliitwa Garenganze, na jina hili pia lilitoka kwao, ni Galaganza ya upande wa Tabora. Hata sisi, mkambi, tulikuwa tunaita mistari ya nyumba zetu kwa majina ya vijiji tulivyoviacha. Naye mwenyewe akaitwa Msiri, wengine wanasema Mushidi, na jina la kifalme Mwenda.

Kiisha akamkatia Kazembe njia. Kodi iliyokuwa inaelekea Luapula sasa ilibaki kwake. Alishika chumvi ya Mwashya, alishika migodi, alishika pembe zote. Chefu mpya hakuweza kukalia kiti pasipo kuja kwake kupewa omande kwa mkono wake yeye, ni kusema kile alichopewa kama zawadi alikifanya kuwa kitu ambacho yeye peke yake anatoa. Katika miaka ya 1870 na 1880 neno lake lilisikilizwa toka Lualaba mpaka karibu na Luapula. Nyumbani kwake kulikuwa wake mamia, na hapana mchezo: wengi kati yao walikuwa watoto wa machefu, waliotolewa ili kufunga mapatano, na Msiri aliwapa vijiji vya kuangalia. Kila mmoja alikuwa jicho na sikio lake. Wengine katika watu wanacheka kusikia mia za wake. Mimi ninaona ofisi. Ninaona serkali nzima imejengwa juu ya ndoa.

Bunkeya yenyewe, makao yake makubwa, ilikuwa kijiji juu ya kijiji katika ile mbuga tambarare kaskazini mwa Likasi, si mbali na Lufira. Ukisimama leo pale juu ya kilima na kutazama majani yanayumba, ni vigumu kuamini. Lakini wageni waliofika waliandika kwamba hawakuona mji mkubwa kama ule ndani ya Afrika ya kati. Mjerumani Paul Reichard alifika mwaka 1884. Mwenzake Richard Böhm alikufa kwa homa mwaka huo huo katika safari yao huku Katanga. Wareno Capelo na Ivens walipita mwaka 1884 pia. Na mwaka 1886 akaja Frederick Stanley Arnot, mmisionere toka Scotland, akitokea upande wa Angola. Arnot hakuja na askari. Msiri alimngojesha kwanza, akamchunguza, kiisha akampa ruhusa ya kujenga. Wamisionere wengine walimfuata. Miaka ile yote waliishi kwa idini ya Msiri: chakula, mahali, usalama, vyote vilitoka kwake.

Sokoni Bunkeya ulikuta Waswahili na Waarabu wa pwani ya mashariki, na ukakuta pia Waovimbundu wa Bihé, toka Angola, wanaoleta baruti na nguo za Wareno wa Benguela. Bahari mbili zilikutana katika kiwanja kimoja. Msiri alioa hata binti mwenye damu ya Mreno, Maria de Fonseca, ili kukaza kamba ya magharibi. Kiswahili tunachosema hapa Lubumbashi kilikuja kwa njia nyingi, lakini njia moja ni ile ya misafara iliyolala Bunkeya.

Sasa, msafara ule uliporudi Bihé ulibeba nini? Ulibeba pembe, ndiyo. Ulibeba pia watu. Hapa sitaki kuficha kwa sababu tu tunapenda kusikia kwamba babu zetu walikuwa wafalme. Msiri aliuza watu. Vijiji vilivyochelewa kuleta pembe vilitekwa, na wanawake na watoto walifungwa kamba wakapelekwa magharibi miezi na miezi, kwa kubadilishwa na baruti ya kuteka vijiji vingine. Wale bazungu waliofika waliandika pia kuhusu vichwa vya watu juu ya miti ya ukuta wake. Najua bazungu walikuwa na faida ya kumpaka matope, na nitafika huko. Lakini habari ya watumwa haitoki kwao peke yao. Iulize familia za Balamba na za Basanga, iko.

Nitoke njiani kidogo. Mwaka ule ule 1830, mji wa Aachen, Ujerumani, alizaliwa mtu mwingine aliyeacha kwao na kwenda kutafuta bahati kwenye inchi ya madini. Jina lake Adolph Sutro. Aliingia Marekani mwaka 1850, akachimba njia ndefu chini ya mlima Nevada ili kutoa maji na hewa mbaya katika migodi ya feza ya Comstock, akatajirika, na mwaka 1895 akawa meya, ni kusema burugumesta, wa San Francisco. Mugeni mwenye lafuzi ya kigeni akaongoza mji wa watu. Wenyeji hawakupendezwa sana na kazi yake ya umeya, na kufikia mwanzo wa 1897 alikuwa ametoka ofisini, akarudi nyumbani kwake kutazama bahari. Ninamtaja kwa sababu ya kule kutoka tu. Watu wa San Francisco walikuwa na njia ya kumwambia Sutro inatosha. Basanga hawakuwa na njia ile kwa Msiri. Walikuwa na moto na bunduki tu.

Na waliutumia moto. Katika miaka ya mwisho, baada ya mwanamke mmoja Msanga aitwaye Masengo kuuawa Bunkeya, Basanga waliasi. Walichoma vijiji, walivizia misafara, walifunga njia. Watu wakaogopa kwenda mashambani, na njaa ikaingia mji. Upande wa magharibi Wareno walipiga Bihé mwaka 1890, na baruti ikawa haba kabisa. Msiri sasa alikuwa na miaka kama 60, na amechoka. Machefu aliowapa omande walianza kumwacha mmoja mmoja. Wakwe ni wakwe mpaka siku ya shida.

Wakati ule ule bazungu walikuwa wanakimbizana. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umechora mipaka juu ya karatasi, na mfalme Léopold wa Ubelgiji alisema Katanga ni yake. Lakini Cecil Rhodes na kampuni yake, toka kusini, alisema karatasi ni karatasi, inchi ni ya yule aliyefika na kupata mapatano na mwenyewe. Wote walikuwa wamesikia neno shaba. Mwezi wa 11 mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa ajili ya Waingereza, na karatasi mkononi. Msiri hakusaini. Mwezi wa 4 mwaka 1891 Paul Le Marinel alifika kwa ajili ya Léopold. Alipokelewa vizuri, alikula, alilala, na bendera haikupandishwa. Aliacha tu posti ndogo kwenye mto Lofoi. Mwezi wa 10 alifika Alexandre Delcommune. Jibu lilikuwa lile lile.

Hapa ninamheshimu. Mzee mwenye njaa ndani ya mji, maasi nje, baruti imekwisha, na bado alielewa kile kitambaa kinataka kusema nini. Machefu wengi wa wakati ule walitia alama bila kujua. Yeye alikuwa mfanyabiashara toka utoto. Alijua mtu hakupi zawadi mara tatu bure.

Wa nne alikuja kwa namna nyingine. Kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Canada, alitumwa na watu wa Léopold, akatokea Zanzibar na wabebaji mamia na bunduki za kisasa. Tazameni njia yake: Tabora, ziwa Tanganyika, kiisha Bunkeya. Njia ya Kalasa baba yake Msiri. Na wabebaji wale walikuwa wengi Waswahili wa pwani, wanasema lugha moja na wafanyabiashara wa sokoni. Waliingia Bunkeya tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 1891.

Kwa siku chache walizungumza. Msiri aliomba baruti. Stairs alitaka bendera. Msiri aliahirisha, Stairs akapandisha bendera mwenyewe juu ya kilima, pasipo ruhusa. Usiku Msiri akaondoka na kwenda Munema, kijiji cha Maria de Fonseca, si mbali. Tarehe 20 Stairs alituma watu kama mia moja wamlete, na ofisa wa Kibelgiji, Omer Bodson, akiwa mbele. Bodson aliingia na wachache. Msiri alikuwa amekaa mbele ya nyumba, watu wake wenye silaha wamemzunguka. Maneno yakapanda. Habari za bazungu zinasema Msiri alitoa upanga. Bayeke hawasimulii vile. Bodson alipiga bastola, na Msiri akaanguka. Mara moja mmoja wa watu wa Msiri, Masuka, akampiga Bodson tumboni, naye akafa siku hiyo hiyo.

Kichwa cha Msiri kilikatwa na kuwekwa juu ya mti ili watu waone. Mpaka leo Bayeke wanauliza kiko wapi. Nimesikia majibu matano, kila moja na mahali pake, na sitaandika hata moja kwa sababu hakuna aliyenionyesha kitu. Ni maombolezo ambayo hayajakwisha, na ukikaa na wazee wa Bunkeya jioni utaona kwamba kwao si hadisi ya zamani.

Walioshinda hawakula matunda. Njaa ile ile iliwakamata, wakafa wengi, na Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwezi wa 6 mwaka 1892 kule Chinde, Msumbiji, akiwa karibu kupanda meli. Lakini bendera ilibaki. Mwaka ule ule jeolojia Jules Cornet alipita akipima mawe, akaandika juu ya utajiri ambao wenyeji waliujua siku zote. Union Minière ikazaliwa mwaka 1906, Elisabethville mwaka 1910, na misafara ya wafanyakazi ikaanza kuingia toka kila upande: Rhodesia, Kasai, Rwanda. Mji wetu huu, kila komine yake, Kenya, Katuba, Kamalondo, ulijazwa na watu waliotoka mahali pengine. Tunasahau mbio sana.

Na Bayeke je? Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, alipewa kiti, lakini kiti kidogo. Aliungana na serkali mpya, iliyomuua baba yake, kwa sababu Basanga walikuwa wanataka kumaliza hesabu na yeye hakuwa na mwingine wa kumkinga. Unaweza kumlaumu. Mimi nimeona watu waliokimbia wakifanya mapatano ya namna ile kwa ajili ya debe moja la unga, na nilijifunza kunyamaza. Aliongoza watu wake kuhama Bunkeya na kujenga karibu na posti ya Lofoi, pamoja na wamisionere. Walikaa kule karibu miaka ishirini. Mukanda-Bantu alikufa mwaka 1910, na ndugu yake Kitanika aliyemfuata ndiye aliyewarudisha Bunkeya.

Kwa hiyo hata wao ni warudi. Sikulijua neno hili mpaka mzee mmoja aliponieleza pale Bunkeya, na nilimwomba alirudie. Walikuta majani yamemeza mji, makaburi yamepotea, na mashamba mengine yana wenyewe wapya. Walianza tena, wachache, katikati ya Basanga ambao babu zao waliwapiga.

Sasa ukienda, sikiliza watu wanazungumza nini. Wanasema Kisanga na Kiswahili. Kiyeke, ile lugha iliyotoka Usumbwa, imebaki katika nyimbo na katika maneno ya kumsifu mwami. Kijana wa leo anaiimba pasipo kuifahamu yote. Wameoana, wamezaana. Toka uzao ule alitoka Godefroid Munongo, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1925, waziri wa mambo ya ndani wakati Katanga ilipojitenga toka 1960 mpaka 1963, baadaye mwami mwenyewe, jina ambalo kwa wengine ni la kujivunia na kwa wengine ni la uchungu mpaka leo. Na Munongo yule, mjukuu wa mugeni toka Tabora, alisimama upande wa wale waliosema Katanga ni ya Bakatanga. Nilipokuwa iniversite tulibishana sana juu ya jambo hili, na rafiki yangu mmoja wa asili ya Kasai, ambaye familia yake ilifukuzwa Likasi wakati wa fujo za 1992 na 1993, hakusema neno. Alikusanya vitabu vyake na kutoka. Ninamkumbuka kila ninaposikia mtu anahesabu nani alifika lini.

Kila mwaka tarehe 20 mwezi wa 12 Bayeke wanakutana Bunkeya kumkumbuka Msiri. Ngoma zinalia, watu wanatoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hata mbali zaidi. Machefu wa Kisanga wanaalikwa pia. Kama unataka kwenda, jipange mapema, barabara wakati wa mvua ni matope, na taxi zinapandisha bei.

Habari ya shamba la Pweto: bado. Nilisoma sehemu ya karatasi hii chini ya mwembe ule ule mwezi uliopita, na yule mzee aliyeuliza swali alifurahi, ingawa alinisahihisha mahali pawili. Chefu wa kijiji ameomba kila upande ulete mashahidi wawili waliolima jirani mbele ya watu kukimbia, na amekataza neno mugeni kutumika mu kikao. Baba yetu amepata shahidi mmoja. Wa pili anasemekana yuko Kilwa, karibu na ziwa, na chama kimetoa pesa ya usafiri wa kwenda na kurudi. Mwenye kumjua mtu aliyelima upande ule karibu na mwaka 2015, atuletee habari biro mbele ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya likelemba.